Nusu ya Ramani Iliyozimwa

Mimi samaki simnunui kwa sura. Namfunua matamvua kwanza, nimwangalie ndani, nimnuse, halafu ndiyo tuanze kusemezana na mwenye mtumbwi. Pale Asembo Bay wananijua. Nikitokea tu, wavuvi wanaanza kuguna: "Mama wa kuchungulia amefika." Waache wagune. Hoteli ninazozipelekea samaki Kisumu hazijawahi kuninunia. Na wanaodhani ukali huu niliupata ufuoni wanakosea. Niliupata kwenye gemu za kompyuta, nikiwa msichana wa sketi ya shule, na aliyenifundisha ni kaka yangu wa tumbo moja.

Sisemi gemu za mpira. Nasema zile gemu za vita ambazo hakuna kungojeana zamu kama drafti. Wote mnacheza kwa mpigo mmoja, na anayezubaa ameliwa. Unapewa kona yako ya ardhi na wafanyakazi wachache. Wanachimba, wanakata miti, unajenga kambi, unatoa askari. Na huko mbali, mahali usipopaona, mwenzako naye anafanya vivyo hivyo. Sehemu yote ya ramani ambayo hujatuma mtu kuiangalia ni nyeusi tititi. Sisi tuliiita giza. Ukipeleka askari, giza linafunguka pale alipo na kumzunguka kidogo, basi. Sasa niambie, mtoto akikulia ndani ya gemu ya namna hiyo, unategemea aje kumwamini nani?

Saiba yetu, chumba cha kompyuta za kulipia, ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa katikati ya mji, na kiti cha dirishani kiligombaniwa kwa sababu upepo wa ziwa uliingia pale peke yake. Mama alikuwa akiuza nyanya Otonglo. Jumamosi akiondoka alimwambia kaka, "Usimwache dada yako nyumbani peke yake." Kwa hivyo kaka aliniburuta. Mwanzoni nilikaa nyuma ya kiti chake nikimshikia soda, nimenuna. Halafu siku moja akaenda msalani, akaniachia mausi, akarudi akakuta nimejenga ukuta mzuri kuliko wake. Alivuta kiti cha pili akakiweka kando ya chake.

Zile gemu za kwanza, jamani, ukiziona leo utacheka. Askari walikuwa vidoti vyenye bunduki. Ardhi ilikuwa mchanga mtupu, na katikati ya mchanga matrekta yalikuwa yakizoa madini na kuyarudisha kambini. Ukitaka jeshi liende vitani ulimbonyeza askari mmoja mmoja, nenda, na wewe nenda, na wewe pia, kama mwalimu wa nasari anayevusha watoto barabara. Wa mwisho akifika, wa kwanza ameshakufa. Na adui alikuwa kompyuta yenyewe. Mimi niliishuku kompyuta mapema.

"Inatuona," nilimwambia kaka. "Sisi tuko gizani. Yenyewe haina giza."

"Wacha ushamba. Kompyuta ni hesabu tu."

"Hesabu gani inajua mahali nimeficha kitu?"

Alicheka, na mimi kuchekwa sipendi mpaka leo. Nikajenga kibanda kimoja cha mitambo kwenye kona ya mwisho ya ramani, mahali ambapo hakuna madini wala njia, mahali ambapo mtu mwenye akili hana shughuli. Hakuna askari wa adui aliyekuwa amepita huko. Tukasubiri. Baada ya muda kikosi kikatoka kambi ya kompyuta, kikapita majeshi yetu bila kusimama, kikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kibanda na kukibomoa. Kaka alikodoa macho. "Kumbe hii kitu ni mwizi!" akapiga kelele, na saiba nzima ikageuka. Akanishika bega mbele ya vijana wote, wale wakubwa wenye ndevu za kwanza, akasema, "Huyu msichana ana macho."

Nimesifiwa na wengi tangu siku ile. Hata mchungaji amenisifu kanisani nikasimama nikapungia watu mkono. Lakini sifa ninayoikumbuka nikiwa napasua samaki ni ile ya saiba.

Kisha zikaja gemu za aina nyingine, na mwenye saiba akaunganisha kompyuta zake kwa nyaya ili watu wapigane wao kwa wao. Hapo ndipo mambo yalipokolea. Sasa uliweza kukusanya askari wengi kwa mkupuo na kuwapa namba, ukibonyeza namba wanaitika wote. Kulikuwa na makabila tofauti ndani ya gemu, kila moja na majengo yake na udhaifu wake, si kama zamani ambapo pande mbili zilitofautiana rangi tu. Wafanyakazi walikata kuni, waliwinda, walilima. Na kulikuwa na kitu kimoja ambacho kwangu kilipita vyote. Mkicheza timu, unafungua ukurasa mdogo wenye orodha ya wachezaji, na kando ya mwenzako kuna kisanduku. Ukikitia alama, kila unachokiona wewe na yeye anakiona. Giza lako likifunguka, lake linafunguka. Sisi tuliita kumpa mtu macho. Kaka alinipa yake siku ya kwanza kabisa, bila kuombwa, na mimi nikampa yangu. Nilikuwa nikikaa kona ya ramani na bado nauona upande wake wote ukiwaka, mashamba yake, wafanyakazi wake wakienda na kurudi. Niliona raha isiyo kifani.

Tulikuwa timu ya wanne: kaka, mimi, rafiki yake mkubwa, na jirani yetu mmoja ambaye kazi yake hasa ilikuwa kufa vizuri. Wapinzani wetu walikuwa vijana wa shule moja ya kulipia, wengi wao Wahindi wa hapa hapa mjini, watoto wa wenye maduka na viwanda. Tulikaa mistari miwili, mgongo kwa mgongo. Sheria ilikuwa moja: kugeuza shingo ni kosa. Ukigeuka kumwita mtu, hata kupiga chafya kwa pembeni, mchezo unasimamishwa na maneno yanaanza. Stima ikipotea katikati ya mchezo, na Kisumu hiyo stima ilipotea sana, waliokuwa wakishinda walishuka ngazi mbio kuangalia kama mtaa mzima umezimika ama ni mtu amechezea swichi.

Kwa kuwa tulikaa chumba kimoja, ilibidi tuongee mipango yetu adui akisikia. Wao waliongea Kigujarati. Sisi tukaongea Kijaluo, na juu yake tukaweka kufuli ya pili: pembe za ramani tulizipa majina ya kwetu. Juu kushoto Otonglo, chini kushoto Asembo, chini kulia Ahero. "Wadhi Ahero!" twende Ahero, kaka akipaza sauti, sisi wote tunajua jeshi linashuka kulia. Tulijiona wajanja kupindukia. Ni kweli kila mtu Kisumu alijua kwamba wale wazee wa Kihindi wa dukani walizungumza Kijaluo kuliko sisi, walijua hadi matusi ya kuombea radhi kanisani. Lakini hawa vijana wao? Wenye Kiingereza cha puani, wanaoletwa na gari hadi mlangoni? Haikutupitia akilini. Mzee wa dukani alikuwa mtu wa kwetu. Mtoto wake tulimwona mtalii.

Mwanzoni tulishinda. Halafu ghafla tukaanza kushindwa, na si kushindwa kwa kawaida. Tukienda Ahero, wako Ahero wametungoja, wamejipanga na mishale. Tukigeuza tupitie Asembo, daraja limejaa. Rafiki ya kaka akaanza kusaga meno. "Kuna mtu," alisema. "Haiwezekani. Kuna mtu."

Na hapa lazima niseme kuhusu mihogo. Mmoja wa wale vijana, mwembamba, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti, alinikuta siku moja kwenye ngazi. Alikuwa na pakiti ya krisps za mihogo, akanitolea. Akaniuliza kwa Kiingereza chake, ni kweli mimi ndiye niliyegundua kompyuta inaona gizani? Nikamwambia ni mimi. Akataka nimweleze nilivyoijaribu, nikamweleza, tukasimama pale tukitafuna kama watu wazima wawili wenye fani moja. Hayo tu. Lakini rafiki ya kaka alikuwa akipanda ngazi, akatuona, akapita bila salamu.

Fainali ya likizo ilichezwa Jumamosi mchana, zawadi kreti ya soda, na saiba ilijaa hadi mlangoni. Tulipoteza mchezo wa kwanza vibaya mno. Jeshi letu zima liliuawa njiani kwenda Ahero, askari wote, hata hawakufika mtoni. Kaka akasimama. Jasho lilikuwa linamtiririka, na watu walikuwa wameanza kutucheka kutoka nyuma.

"Kuna mtu anauza huu mchezo," akasema.

Rafiki yake akasema, "Muulize dada yako nani humnunulia krisps."

Nilidhani kaka atampiga. Haki ya Mungu, nilikaa pale nikisubiri ampige. Badala yake alinigeukia, akaninyoshea kidole mbele ya umati ule, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mtu mwingine huko nyuma akaongeza ile ya samaki mmoja akioza, watu wakacheka zaidi. Nikasema sikusema kitu. Nikasema tena. Sauti ilinikwama kooni, nayo sauti ikikukwama wakati kama huo, watu wanaichukua kuwa ushahidi.

Hawakuwa na mtu wa nne mwingine, kwa hivyo nilicheza mchezo wa pili. Tulianza. Nikajenga, nikatuma mtu Otonglo aangalie. Na nikiwa namtazama akitembea, nusu ya ramani yangu ikazimika. Upande wote wa kaka, mashamba, ukuta, wafanyakazi, ukawa ukungu. Alikuwa ameninyima macho. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega, kiwiko chake kinagusa changu, na hakuniangalia. Tulishindwa mchezo huo pia. Nikashuka ngazi, nikatembea hadi Otonglo kwa miguu, nikamwambia mama nina malaria.

Usidhani tuligombana. Afadhali tungegombana. Kaka alinisalimu, alinilipia nauli, mama alipougua alimbeba mgongoni hadi hospitali, na tulipomzika tulisimama pamoja kando ya kaburi. Lakini hakuniamini tena, na mimi nilijua. Nilichotaka kwake miaka hiyo yote kilikuwa kitu kimoja, aseme kwa mdomo wake kwamba sikuuza. Basi. Hakusema. Na mimi, kwa kuwa sikuuza na kuna aliyeuza, nilibaki nikimtafuta. Niliamua ni yule rafiki yake. Kila nilipomwona mjini nilimkagua kama samaki wa jana. Alipoalikwa arusini kwangu nilimpangia kiti nyuma ya spika.

Gemu nazo ziliendelea kubadilika, na mimi sikuziacha, ila nilicheza peke yangu. Ramani zikapata milima ya kweli, ukaweza kuzungusha jicho na kuangalia nyuma ya kilima. Intaneti ikaja, nikapigana na vijana wa nchi baridi ambao vidole vyao vilikwenda mbio hata sikuelewa nimepigwa na nini. Hao nao niliwashuku. Baadaye ikajulikana wengine walikuwa na programu ya kufuta giza lote, wanakuona ulivyolala. Ala! Sikushangaa hata kidogo. Kisha watu wakachoka kujenga. Wakaondoa kambi, wakaondoa wafanyakazi, akabaki shujaa mmoja unayemwongoza wewe na wenzako, na vijana wote wakahamia huko. Halafu simu. Kwenye simu unajenga ngome, halafu unaambiwa ungoje ukuta ukauke kutwa nzima, ama ulipe. Mimi nikasema hiyo si vita, hiyo ni foleni. Siku hizi wanazirudisha zile za zamani, askari ni wale wale wameoshwa nyuso. Na wanasema kompyuta sasa inamshinda bingwa bila kuchungulia gizani. Wanasema. Mimi nilishaijaribu nikiwa mtoto.

Kaka alifungua kibanda cha kutengeneza kompyuta, karibu na kwake Migosi. Nikipita kumjulia hali, jambo la kwanza analofanya, kabla hata hajaniambia karibu, ni kuigeuza simu yake kifudifudi mezani. Kila mara. Mkono unaenda wenyewe. Ikitoa mlio, anaizima sauti bila kuiangalia. Wifi aliniambia anacheza ile gemu ya ngome, yuko kwenye kikundi na wenzake. Nikamwambia kaka, siku moja, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, "Niingize kwenye kikundi chenu." Akasema, "Kimejaa, nyamera," yaani dada yangu. Upesi mno. Nilienda nyumbani na hilo neno tumboni. Ati kimejaa. Nilijua bado ananiona mwizi, na nilikuwa na hasira ya kutosha kupasua ubao.

Mwaka huu friji langu kubwa la samaki likafa. Fundi akaniandikia kipuri na kunielekeza duka moja la mjini. Nikaingia. Nyuma ya kaunta alikuwa Mhindi wa makamo, mwembamba, miwani juu ya kipaji, akimwelekeza mpagazi aliyebeba kreti ya vyuma. "Kel ka," anamwambia, leta hapa. "Mos mos. Hapana, usiweke hapo, kel ka." Kijaluo safi, tena kile cha Asembo, chenye kuvuta maneno kama shangazi zangu. Halafu mpagazi akamjibu kitu cha kuchekesha, na yule mtu akacheka kwa mabega, bila sauti.

Kicheko kile nilikijua. Yeye akashusha miwani, akaniangalia, akatabasamu.

"Oyaore," akasema. "Mama, wewe si yule wa giza? Yule wa kompyuta inaona?"

"Kijaluo umejifunza lini?" nikamuuliza. Salamu sikuitikia.

"Kujifunza? Mimi nimezaliwa nayo. Yaya yangu alitoka Asembo, amenibeba mgongoni mpaka nikakuwa mzito. Halafu babu alikuwa na kinu ya mchele kule Ahero. Shule ikifunga mimi nakaa juu ya magunia naskiza wamama wakibishana. Kigujarati ndiyo nilijifunza baadaye, kwa viboko."

"Kwa hivyo pale saiba..."

"Pale saiba mlikuwa mnatangaza kama redio!" Akapiga kaunta kwa kiganja. "Mwanzoni nilifikiri ni mtego. Nikawaambia wenzangu, hawa hawawezi kuwa wajinga hivi, lazima wanatudanganya. Tukajaribu kuamini mara moja. Wadhi Ahero, tukaenda Ahero, mkaja! Haki nililia kwa kucheka." Akaona uso wangu, akaacha kucheka. "Mama, bed piny. Keti kidogo. Kwani ndugu yako hakukwambia?"

"Kaka yangu anajua?"

"Alikuja hapa kununua waya. Nikamsalimu hivi hivi kama nimekusalimu. Akaniangalia, akaketi juu ya hiyo boksi, akanyamaza mpaka nikamletea maji. Nilifikiri ni joto."

"Lini?"

Akafikiri. Kijana mmoja mrefu, mwenye sura kama yake, alikuwa akishusha makopo kutoka rafu ya juu. Akamwonyesha kwa kidole. "Huyu alikuwa hajazaliwa," akasema.

Kipuri sikununua. Nilitoka pale nikaita boda, na yule mwenye boda aliniuliza mara mbili kama niko sawa, nikamwambia aangalie barabara.

Kaka alikuwa kwenye kibanda chake, amefungua kompyuta ya mtu, bisibisi mkononi. Aliponiona mkono ukaenda wenyewe, simu ikalala kifudifudi.

"Yule Mhindi anaongea Kijaluo," nikasema.

Aliweka bisibisi chini polepole. "Wahindi wote wa hapa wanaongea Kijaluo."

"Usinichezee mimi. Nimetoka dukani kwake sasa hivi."

Huko nje mtu alikuwa akiosha pikipiki, maji yakimwagika. Nilitamani aruke, ashangae, aseme kumbe. Hata kama ni uongo, angeshangaa tu kidogo kwa ajili yangu.

"Nilijua," akasema.

"Na ukanyamaza."

"Nilikuita kikulacho mbele ya watu, nyamera. Nitarudije kwako nikuambie nini? Nilisema nitakwambia Krismasi. Krismasi ikafika, Mama akaanza kuugua. Nikasema tukishamzika. Tukamzika, watu wakawa wengi. Halafu ikapita muda mpaka kule kunyamaza kukawa kubaya kuliko lile neno lenyewe. Kila ukikaa hapo unaniangalia na hayo macho yako, nafikiri, leo amejua."

"Na hiyo simu unanificha nini? Miaka yote hii umeilaza hivyo mimi nikiingia. Unafikiri sioni?"

Akaichukua, akaigeuza, akanipa. Ilikuwa ile gemu ya ngome. Kikundi kilikuwa cha watu wanane au tisa, na ujumbe ulikuwa mwingi. Kiongozi wao alikuwa na picha ndogo ya uso, miwani juu ya kipaji. Yule yule. Na maagizo yake yote, kuanzia juu mpaka chini, aliyaandika kwa Kijaluo. "Wadhi Ahero," aliandika asubuhi ile. Walikuwa bado wanatumia majina yetu.

"Ungeona mara moja," kaka akasema. "Ndiyo maana nilisema kimejaa."

Nililia, na sikulia kistaarabu. Nilimtukana kwa lugha zote nilizonazo. Nikamwambia mimi nilimweka rafiki yako nyuma ya spika arusini kwangu, mtu hajakosa kitu. Nikamwambia nilimwambia mama nina malaria. Nikamwambia wewe umeenda kucheza na yule aliyetupiga, mimi niliyekuwa upande wako umeniacha nje ya mlango, na ulikuwa unajua. Alikaa na mikono magotini, mzee wa nywele nyeupe pembeni, na nikamwonea huruma, na huruma ile ikanizidishia hasira.

Nilipoishiwa na maneno akasema, "Hukuuza. Nilijua na nilikukosea."

Basi, ndiyo hayo. Nilikuwa nimeyangoja nusu ya maisha yangu, na sasa yametoka, yananing'inia hapo kibandani kati ya nyaya na vumbi. Nikamtazama usoni nikitafuta kama ni kweli. Nilitafuta kama ninavyotafuta siku zote.

Alikuwa na kompyuta mbili zilizopona zikingoja wenyewe. Akaziunganisha kwa waya, akafungua ile gemu yetu ya zamani, hii iliyooshwa uso, akavuta kiti cha pili akakiweka kando ya chake. "Tupigane na kompyuta," akasema. "Timu moja. Keti."

Nikaketi. Mchezo ukaanza, nikatuma wafanyakazi wangu wakate kuni. Sikuwa nimemaliza hata nyumba ya kwanza, na nusu ya pili ya ramani ikawaka. Upande wake wote ulifunguka mbele yangu: mashamba, mto, wafanyakazi wake wadogo wakienda na kurudi. Amenipa macho, bila kuombwa, kama siku ile ya kwanza.

Nikafungua ule ukurasa mdogo. Jina lake lilikuwa pale, na kisanduku kando yake, kitupu. Nikapeleka mausi juu yake. Kidole kikakaa hapo.

"Mbona mimi sioni upande wako?" kaka akauliza.

"Ngoja," nikamwambia. "Wewe jenga tu."